Nilisikia Jina, Sikumsikia Mwenyewe

Mimi ni mzaliwa wa Mbita, Kaunti ya Homa Bay, mahali ambapo mtoto huijua harufu ya omena kabla hajajua kutembea. Nilipojiunga na kidato cha kwanza huku Migori, usiku wa kwanza bwenini niliulizwa mama hufanya kazi gani. Nikajibu bila wasiwasi kwamba huuza samaki. Wasichana wawili wakatazamana. "Basi ana jaboya!" mmoja akasema, na bweni zima likaangua kicheko.

Kwa asiyejua, jaboya ni yule mvuvi anayempa mama samaki kwa sharti kwamba awe pia hawara yake. Desturi hiyo ipo ziwani, siwezi kukana, na imechangia kueneza virusi vya Ukimwi. Lakini mama yangu hununua samaki kwa pesa taslimu, tena hushindania bei mpaka wavuvi humkimbia. Nilijifunika blanketi nikalia.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sikushtuka.

Katika kidato cha tatu nilichaguliwa kuwa mshauri rika. Tulifunzwa kwa siku mbili: tutunze siri, tusimkatize mtu, tusihukumu. Beji nikavaa, kichwa nacho kikavimba kidogo. Jioni moja ya Novemba, baada ya prepu, akaja msichana wa kidato cha pili. Akataja jina lake, la Kikuria, na kwao, upande wa Kehancha. Basi! Kichwani mwangu kesi ilikuwa imekwisha. Mkuria, msichana, likizo ya Desemba imekaribia: huyu anaogopa kisu.

Nikamwaga yote niliyoyajua. Sheria ya 2011 inayopiga marufuku ukeketaji, wazee wa ukoo, chifu, mahali pa kukimbilia. Nikamwambia asiogope, ati niko naye. Alinitazama, akasema, "Asante dada," akaenda zake.

Kumbe mama yake alikuwa amelazwa hospitalini, apasuliwe Alhamisi. Alitaka nimsindikize kwa naibu wa mwalimu mkuu kuomba ruhusa, maana aliogopa kwenda peke yake. Aliipata ruhusa Jumamosi. Mama alipona, Mungu asifiwe, lakini alipozinduka hakumkuta bintiye.

Aliniambia haya muhula uliofuata, tukiteka maji bombani, na amenikubalia niyaandike mradi nisimtaje. "Dada, wewe ulinieleza kisu tu. Kwetu dada zangu wote hawakukatwa, baba alikataa. Mimi nilikuja na habari ya mama."

Nilitamani ndoo inimeze.

Sisemi kwamba kisu ni uvumi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, kutoka 21 mwaka 2014, na kwa Wakuria hesabu iko juu zaidi ya hapo. Jaboya naye yupo. Hapo ndipo penye mtego. Uongo mtu huweza kuutupa, lakini jambo la kweli kuhusu wengi tunamtwika mmoja aliye mbele yetu, na hatuoni kosa, kwa sababu si tunajua? Wala sikumchukia yule msichana. Nilimhurumia! Huruma yenyewe ndiyo iliyoniziba masikio. Wale wa bwenini angalau walinicheka waziwazi, nikajua la kufanya, nikalia. Yeye angelilia nini, na mimi nilikuwa nikimwonea huruma?

Siku hizi mtu akija simuulizi kwao ni wapi. Nasogeza kiti, nanyamaza. Kunyamaza ni kazi jamani, hasa kwa mtoto wa muuza samaki. Juzi mmoja alikaa karibu dakika kumi bila neno. Nilihesabu misumari ya paa, nikafika arobaini na tatu, ndipo akaanza.