ALIDHANI DADA YAKE AMESHAKUWA MJAPANI, MPAKA WALIPOENDA SHOO TOKYO

Basi bwana, kuna jamaa mmoja wa Temeke alienda Japani kumtembelea dada yake, ambaye huu ni mwaka wa sita anaishi Tokyo. Washkaji walijua anaenda kula bata. Kumbe mwenzao alibeba kinyongo.

Baba yao alifariki mwaka jana, akazikwa siku ileile saa kumi alasiri. Dada asingeweza kuwahi. Alitazama mazishi kwa video ya simu, uso mkavu, hata neno moja hakutoa. Mashangazi wakasema huyu keshakuwa Mjapani. Jamaa naye akaamini.

Siku ya nne dada akamwambia, "Mdogo wangu, leo nakupeleka ukasikie bendi ninayoipenda."

Ukumbi uko chini ya ardhi, mtaa wa Shimokitazawa, mdogo kama sebule mbili. Hakuna kusukumana. Tiketi ina namba, unasubiri namba yako iitwe ndo uingie. Mlangoni unaongeza yen 600 ya kinywaji, uwe na kiu usiwe na kiu. Begi unafungia kwenye kabati la kutumbukiza sarafu.

Muziki wenyewe ni pop ya saikedeliki, magitaa yenye mwangwi yanazunguka taratibu kama mtu yuko ndotoni. Dada akamnong'oneza kwamba vijana hao wanawakubali sana Fishmans, bendi ya Tokyo iliyotoa Long Season mwaka 1996: wimbo mmoja wa dakika 35, ndo albamu nzima.

"Dakika 35? Si taarabu hiyo!" jamaa akacheka.

Ila kilichomshangaza ni watu. Hakuna anayeimba, hakuna simu hewani. Wimbo ukiisha wanapiga makofi, halafu kimyaaa, mpaka unasikia mpiga gitaa anakaza nyuzi.

"Dada, mbona kama bendi haijawabamba?"

"Imewabamba sana. Hawataki kumharibia wa pembeni."

Jamaa akaangalia vizuri. Kaka mmoja wa makamo, na tai yake ya kazini, alikuwa amefumba macho, machozi yanatiririka, hajifuti. Akageuka kwa dada yake. Naye vilevile.

Shoo ilipoisha, mpiga gitaa mwenyewe akasimama kwenye meza kuuza fulana. Wao wakakimbilia stesheni, maana treni ya mwisho ni kama saa sita usiku.

Pale wanaposubiri, dada ndo akafunguka. "Siku ya baba, huko saa kumi, huku ilikuwa saa nne usiku. Nilikuwa ndani ya treni natoka kazini. Humu mtu haongei na simu. Nilizima maiki, nikajikaza. Niliposhuka nilikaa kwenye benchi kama hili mpaka stesheni inafungwa."

Jamaa alitaka kuomba msamaha, maneno hayakuja. Treni ikafika. Mle ndani kimya, kila mtu na lake. Akamshika dada yake mkono mpaka walipofika.

Asubuhi akatuma ujumbe kwenye grupu la familia: "Dada alilia. Ni sauti tu hamkuisikia."

Shangazi mkubwa alisoma, hakujibu. Jioni yake akampigia dada mwenyewe.

Je, wewe una ndugu yuko mbali uliyemnunia bure? Tiririka hapo chini.