Ua wa Mhina

Neno "ua" katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja, na mwanafunzi anayelikuta kwa mara ya kwanza katika kamusi huweza kudhani kuwa lugha imeishiwa na sauti. Ua la mti lina wingi wake, nao ni maua; ua wa nyumba una wingi wake, nao ni nyua. (Kitenzi kile cha kutoa roho tukiache kando.) Lakini kwa mtu aliyekulia pwani, maana hizo mbili hukutana katika mmea mmoja, nao ni mhina. Ukipandwa kwa safu, mhina ni ua. Ukichanua, una maua. Na majani yake hufanya kazi ya tatu ambayo kila mtu anaijua. Sidhani kama viunga vyetu vina kichaka kingine kinachotoa mengi kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho. Ndiyo sababu naona uchungu kila niuonapo uking'olewa.

Mhina ni kichaka, ingawa ukiachwa bila kukatwa huweza kufikia kimo cha mita 6 na kufanana na mti mdogo. Majani yake ni madogo, nayo huota mawili mawili yakielekeana. Maua yake, meupe au yenye wekundu hafifu, ni madogo mno, lakini hutoka kwa mashada katika ncha za matawi na harufu yake ni tamu na nzito. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Lawsonia inermis. Neno la pili katika jina hilo ni la Kilatini, na maana yake ni "usio na silaha", yaani usio na miiba. Kwa mche mchanga jina hilo ni la haki. Lakini mhina mkongwe hutoa vitawi vigumu vyenye ncha kali, na mtoto yeyote aliyewahi kupenya ua wa namna hiyo akifuata mpira wake atajiuliza Bwana Linnaeus aliuona mhina wa umri gani.

Nyumbani kwa marehemu bibi yangu, katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga, ua wa mhina ulianzia pembe ya jiko ukazunguka hadi mlango wa mbele. Ulioteshwa kwa vipande vya matawi yaliyokomaa, vikachomekwa ardhini wakati wa masika, kimoja na mwenzake vikiachana kama shibiri mbili. Siri ya ua mzuri ni kuukata ncha mapema, ungali mfupi, ili utoe matawi tangu chini. Anayengoja mpaka umfike kifuani hupata fito zilizo wazi miguuni, na kuku hupita watakavyo. Mhina hauchagui udongo. Mchanga na mawe huvivumilia, ukame huustahimili, na jua kali hulipenda. Usilolipenda ni maji yaliyotuama.

Ua wa bibi haukukatwa kwa kufuata ratiba ya bustani. Ulikatwa Idi ikikaribia, au pale nyumba fulani ilipotangaza harusi. Wasichana wangefika na ungo, wakabisha hodi.

"Shikamoo, bibi. Tumetumwa kuomba hina."

"Marahaba, wajukuu zangu. Kateni, lakini msinitoboleeni ua."

Basi walikata juu na ubavuni, kwa usawa, na jioni ua ulikuwa umenyooka kana kwamba umepigwa kamba. Majani yalianikwa kivulini, yakatwangwa kinuni, yakachekechwa. Sikupata kusikia kwamba hina ile iliuzwa. Hapo ndipo ninapouona utaalamu wa wazee wetu katika kupamba viunga: taka za bustani zilikuwa ndizo mavuno yake, na kitu kilichotenga nyumba na nyumba ndicho kilichowaleta majirani mlangoni. Mtaalamu wa leo wa kutengeneza bustani hulipwa kukata ua, kisha hulipwa tena kwenda kutupa alichokikata.

Katika majani hayo mna rangi iitwayo lawsoni. Maji ya ndimu au limau, kwa uchachu wake, huisaidia rangi kutoka, nayo hushikamana na protini iliyomo katika ngozi, kucha na nywele. Mara hina inapobanduliwa huonekana ya rangi ya chungwa, kisha hukolea kwa muda wa siku moja au mbili. Hukolea zaidi viganjani na nyayoni kwa kuwa ngozi ya huko ni nene, na hufifia kadiri ngozi ile inavyopukutika. Mwalimu wa kemia aliye na mhina nje ya dirisha ana somo zima mkononi. Na aongeze onyo juu ya piko nyeusi inayochanganywa na dawa ya nywele yenye parafenilinidiamini: hiyo si hina, na imewaunguza ngozi watu wengi, wakiwamo maharusi na wageni wa fukweni.

Katika shule moja niliyofundisha, ua wa mhina uling'olewa ili pajengwe ukuta wa matofali ya saruji. Sitaki kuudhulumu ukuta. Ukuta huzuia mwizi, na mbuzi huuheshimu kuliko anavyoheshimu majani. Lakini ukuta ule ulizuia na upepo, ukayarudisha madarasani majoto ya mchana, na maji ya mvua yakakosa njia. Baada ya mwaka mmoja kamati ikaona umekaa kama ukuta wa gereza, ikanunua bugenvilia ya kuufunika. Bugenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini. Ni nzuri, sikatai, ila siku ya harusi haina cha kumpa mtu.

Wapo watakaosema kuwa mhina nao si wetu, maana hata neno "hina" lina asili ya Kiarabu. Muhogo nao ulitoka Amerika, na hakuna anayeona haya kuula. Mnamo Desemba 2024, katika mkutano uliofanyika Asunción, Paraguay, UNESCO iliziingiza mila za hina katika orodha ya urithi usioshikika, kwa ombi la nchi za Kiarabu, zikiwamo Oman, Yemen na Sudan. Pwani yetu haikuwamo katika ombi hilo. Hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni kwamba katika maduka yetu hina hupatikana katika vipakiti vilivyotoka Uhindi, ambako mji wa Sojat, katika jimbo la Rajasthan, umejipatia jina kwa kilimo chake, na msichana hukinunua kipakiti hicho huku akipita kando ya mahali uliposimama ua wa nyanya yake.

Shuleni nilipo sasa tumeotesha safu moja ya mhina upande wa uwanja wa michezo, nayo imekwisha kuzua mabishano. Wasichana wa kidato cha tatu wanautaka ukatwe kila muhula, kwani machipukizi mapya ndiyo yenye majani laini. Mwalimu wa biolojia anapinga, kwa hoja kwamba maua hutoka nchani, na anayekata ncha kila mara hataona ua wala nyuki. Mlinzi, mzee wa watu, hataki uvuke kifua chake, asije akashindwa kuona anayekuja. Tumekubaliana kwamba upande wa uwanjani ni wa wasichana, upande wa barabarani ni wa nyuki, na kimo ni cha mzee.