Tandiko la Hesabu

Msomaji, nilipokuwa mwanafunzi niliambiwa kuwa mlinganyo z = x² − y² huzaa umbo la tandiko la punda. Mwalimu alilichora ubaoni kwa chaki, nami nikaona mistari iliyotatizana kama nyuzi za wavu. Nililikariri jibu, nikafaulu mtihani bila ya kujua nilichokijibu. Aibu hiyo nilikaa nayo miaka mingi, mpaka nami niliposhika chaki, nikawaona wanafunzi wangu wakiutazama ubao kwa macho yale yale niliyokuwa nayo.

Basi nilikusudia kuwaandalia ukurasa wa kompyuta ambao umbo lake hugeuzwa kwa kidole. Usidhani kuwa ndani yake mna picha. Mna hesabu tu. Nilichukua x toka −2 mpaka 2 kwa hatua za 0.1, na y vivyo hivyo. Zikapatikana nukta 41 kwa 41, yaani 1,681, kila moja na kimo chake. Programu ya Plotly, ambayo tangu mwaka 2015 hutolewa bure pamoja na msimbo wake, huziunganisha zikawa uso mmoja, na kidole kisogeapo uso huo huchorwa upya.

Siku ya kwanza nilifedheheka. Ukurasa wangu uliiagiza programu hiyo kutoka mbali, na asubuhi ile intaneti ilikatika. Darasa zima likatazama weupe mtupu. Usiku ule niliitia programu ndani ya faili lenyewe. Likawa zito, zaidi ya megabaiti 3, lakini halikuhitaji msaada wa nje tena.

Kesho yake walilizungusha watakavyo. Aliye katikati akifuata upande wa x hupanda. Akifuata upande wa y hushuka. Ndivyo lilivyo pengo baina ya vilele vya Batian na Nelion katika Mlima Kenya: ni chini kwa aliye kileleni, ni juu kwa atokaye bondeni.

Ndipo msichana mmoja, ambaye hakuwa na desturi ya kusema, akauliza, "Mwalimu, hakuna njia ya kupita hapa bila ya kupanda wala kushuka?"

Sikumjibu. Aliligeuza tandiko akalitazama kutoka juu, akaweka kidole pembeni, akakipitisha katikati kwa mshazari hata pembe ya pili. Kisha akavuta daftari lake akaandika y = x. Mwenzake akamnyang'anya kalamu, akaongeza y = −x.