Mwanamume wa Vitabuni na Mwanamume wa Machimboni

Ndugu msomaji, wako watu wasomao hadithi za mapenzi huku wamezifunika kwa gazeti, ili jirani adhani wanasoma bei ya pamba. Mimi sifuniki. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, kwanza Shinyanga, kisha Geita. Nimestaafu, wajukuu ninao, na nasema wazi kwamba napenda kitabu chenye mwanamume aliyependa hata akapungukiwa akili.

Waijua namna hiyo ya hadithi. Mwanamke yumo hatarini. Mtu asiyejulikana anamfuatafuata, barua za vitisho zinapitishwa chini ya mlango. Ndipo anatokea bwana mmoja, mrefu, mkimya, mwenye fedha zisizokwisha na kovu lisiloelezwa mpaka sura ya kumi, naye ameapa kwamba hakuna mwingine atakayemgusa mwanamke huyo. Anajua alikwenda wapi jana, na alizungumza na nani. Akichelewa nusu saa, bwana huyu anageuza mji mzima chini juu. Mambo ya chumbani nayo yameandikwa bila kuzungukazunguka. Mimi husoma mpaka taa ya sola ififie, halafu najiambia: sura moja tu, kisha nalala. Wasomaji wenzangu wajua jinsi sura hiyo moja inavyozaa nyingine.

Yuko atakayeniuliza, "Mtu mzima na heshima zako, wapata raha gani humo?" Namjibu kwamba raha yenyewe ni hofu. Moyo unadunda, mikono inatoka jasho, na hali mimi nimekaa kitandani kwangu, mlango umefungwa, mbwa wa jirani anabweka kama kawaida yake. Hofu ya kukodi, naiita. Nikichoka nayo naweka kijiti katikati ya kurasa, nazima taa.

Wala si jambo geni kwetu. Faraji Katalambulla alitutisha kwa Simu ya Kifo tangu mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba alituletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mpelelezi aliyeacha wasichana wakiugua kila alikopita. Wazee wenzangu waliojua Kiingereza walipeana vitabu vya James Hadley Chase mpaka majalada yakatoka. Kisha akaja Eric Shigongo, mtu wa Buchosa, jirani zetu hapa Geita, ambaye mwaka 2020 watu wa huko walimchagua kuwa mbunge wao. Hadithi zake zilitoka kipande kwa kipande katika magazeti ya kampuni yake. Nimewaona watu stendi wakilifungua gazeti moja kwa moja penye hadithi, habari za serikali baadaye, na wakifika chini wakikuta lile neno la kikatili, "Itaendelea", wanalikunja kwa hasira. Moja ya hadithi zake inaitwa Rais Anampenda Mke Wangu. Tazama jina hilo tu! Mwenye jeshi, polisi na magereza anamtaka mke wa mtu. Aliyesoma Biblia anakumbuka mara moja mfalme Daudi juu ya dari yake, na Uria aliyepelekwa kufa vitani.

Hata Ulaya mambo ni hayo hayo, tena ya zamani. Mwaka 1740 Samuel Richardson wa London alitoa kitabu kiitwacho Pamela. Msichana wa miaka 15, mtumishi wa ndani, anatakwa na bwana wa nyumba. Bwana anamnyang'anya barua zake, anajificha chumbani mwake, mwisho anampeleka kwenye nyumba yake nyingine ya mbali na kumfungia huko. Na kitabu kinakwishaje? Wanaoana, na msomaji anatakiwa afurahi! Sisi tunaoishi mikoa hii, ambamo wasichana wadogo wanapelekwa mijini kila mwaka kufanya kazi za ndani, twamsoma Pamela kwa jicho la namna nyingine kidogo.

Usukumani tulikuwa na mchezo wetu wenyewe, chagulaga. Vijana waliwafuata wasichana watokapo ngomani au mnadani, wakamzunguka mmoja, wakamwambia, "Chagulaga!" Naye alipaswa kuchagua mmoja kati yao. Wazee wakikusimulia habari hiyo hucheka mpaka machozi, nami nimecheka nao. Kuna utamu wa kweli katika mwanamke kukimbizwa na katika mwanamke kuchagua. Lakini niliwahi kumwuliza bibi mmoja wa Kishapu kama msichana aliruhusiwa kusema, "Sichagui hata mmoja." Aliacha kucheka. Alisema, "Usiku ule, na peke yako? Ungechagua."

Sasa nije machimboni, maana huko ndiko maneno haya yaliponifikia nyumbani. Geita imechimbwa tangu miaka ya 1930. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Pembeni yake wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na kwingineko, wanaoshuka kwenye maduara kwa kamba, wanaosaga mawe kwenye makarasha na kukamata dhahabu kwa zebaki mikononi. Mtu anakaa miezi mitatu akila kwa mkopo. Siku moja jiwe linajibu. Usiku ule yeye ni tajiri kuliko mkuu wa shule yangu ya zamani, na fedha ile inamwasha mfukoni kama kaa la moto. Atanunua pikipiki. Atawanywesha watu asiowajua. Na akimpenda mama anayewapikia wali na maharage pale mwaloni, atamfungulia duka kwa siku moja.

Waona, huyu ndiye bwana wa kitabuni kabisa! Mkimya, mwenye kovu, na fedha zake hazijulikani zimetoka wapi. Tofauti ni kwamba wa kitabuni hafilisiki. Wa kwetu, jiwe likinyamaza, anabaki na kitu kimoja tu cha kumkumbusha kwamba aliwahi kuwa mtu mkubwa, nacho ni yule mwanamke. Basi anamlinda kama duara.

Nina rafu ya vitabu sebuleni, na wanawake wa mtaani huazima. Mmoja wao ni mama kijana wa watoto wawili, mpishi wa wachimbaji. Jina lake ni lake, silitaji. Alikuja jioni na kitabu nilichokuwa nimemsifia mno, cha bwana mwenye wivu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekimaliza?"

"Bado. Nimefika pale anapomnyang'anya simu na kusoma ujumbe wake wote." Alikigeuzageuza kitabu mkononi. "Mwalimu, huyu ni baba watoto wangu mtupu. Simu yangu anaishika yeye. Nikienda kisimani anahesabu dakika. Juzi aliniambia nikimwacha ataniua, kisha ajiue mwenyewe. Na humu kitabuni bwana anasema maneno hayo hayo, nami nalia kwa kumwonea huruma. Mbona wa kitabuni namhurumia, na wa kwangu namwogopa?"

Nilimwekea chai. Swali lile lilikuwa kubwa kuliko vitabu vyote rafuni, nami sikutaka kulijibu kwa haraka kama mtu anayetoa alama za mtihani.

Nimelifikiri siku nyingi, na nadhani ni hivi. Mwandishi anatufungulia kifua cha yule bwana. Twaona humo ndani kwamba anaogopa, kwamba mama yake alimtupa, kwamba mkono wake hautamwangukia mwanamke hata kidogo. Kuna mapatano kati ya mwandishi na sisi: wivu huu utakuwa mkali, lakini hautaua asiyestahili, na mwisho utalainika. Ndiyo maana twastarehe. Mume wa yule mama hana mwandishi. Hakuna aliyempa mkewe ahadi juu ya ukurasa wa mwisho. Tena kitabu mimi nakifunga nitakapo, na yeye ufunguo wa mlango wake umo mfukoni mwa mtu mwingine. Maneno ni yale yale, "siwezi kuishi bila wewe", lakini kwangu ni ladha, na kwake ni onyo. Magazeti yetu yanayo maneno mawili kwa habari za namna hiyo zikiisha vibaya: wivu wa mapenzi. Kila niyaonapo nasikitika kwamba neno mapenzi limewekwa humo.

Basi nikamweleza nilichokijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema mtu hana haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa. Nilimwambia pia kwamba hata wasiofunga ndoa, wakikaa pamoja miaka miwili na watu wakawajua kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vingine. Na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo mtu anasikilizwa pembeni, si pale mbele penye kelele na watu wa pikipiki. Alisikiliza. Akauliza nauli ya kwenda kwa mama yake ni kiasi gani siku hizi, swali ambalo nililielewa vizuri zaidi kuliko mengine yote.

Wapo watakaosema: tazama, hivi ndivyo vitabu vinavyoharibu watu, vichomwe. Nawakumbusha mwaka ule ule wa 1971. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, aliyesoma seminari ya Nyegezi, alitoa Rosa Mistika, akimpa msichana wake jina ambalo Wakatoliki hulisikia katika litania ya Bikira Maria. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo ya mwili. Lakini kisome tena. Baba wa Rosa, Zakaria, mlevi yule, anampiga mwanawe kwa ajili ya barua ya mvulana. Anamlinda mpaka msichana hajui kuzungumza na mwanamume, na ulinzi huo ndio unaomtupa Rosa shimoni baadaye. Watu waliona kitanda wakashtuka. Fimbo waliiona pia, na haikumshtua mtu. Tena yule mama yangu hakuharibiwa na kitabu. Aliyoyaishi miaka minne bila kuyapatia jina, aliyatambua katika kitabu cha mapenzi cha karatasi mbaya.

Aliporudi mara ya pili aliniomba kingine. "Ila chenye mwanamke anayeondoka," akasema. Nikampa Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999. Yasmin ameozwa akiwa bado msichana mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka, mzee kuliko yeye kwa mbali. Anatoka, anafikia kwa Mwajuma, naye anampenda Denge, kijana anayewindwa na polisi wa Mwingereza. Mapenzi yamo, tena moto. Hofu imo kila sura. Lakini Denge moyo wake umejaa nchi kuliko mwanamke, na safari hii Yasmin ndiye anayemfuata mwenzake. Nilimwambia asiogope Kiswahili cha Unguja, kitamzoea. Sijarudishiwa kitabu hicho, wala sikidai. Najua kilisafiri ndani ya kanga, kwenye basi la asubuhi la kuelekea Kahama, pamoja na watoto wawili na sufuria moja kubwa.

Nami nisikudanganye, msomaji: nimeanza kingine juzi. Bwana yule ameshavunja mlango mmoja na kuwafukuza kazi watu watatu kwa sababu ya mwanamke asiyejua hata jina lake la pili. Ningemwona hapa Geita ningemwitia mwenyekiti wa mtaa. Nimebakiza kurasa themanini, betri ya taa imejaa, na mvua imeanza kupiga bati.