Kapeti Jekundu Lilinificha Kutu!

Basi bwana, kigari chetu cha Suzuki, kile cha boksi kinachombebea Mama samaki kutoka Feri, nilikuwa nakionea fahari ile mbaya. Ndani kapeti jekundu, safi! Siku moja napakua kreti, mguu wangu wa kulia ukazama. Kufunua kapeti, nikakutana macho kwa macho na lami ya barabarani. Maji ya barafu na chumvi yalikuwa yamelila bati kimyakimya, na kapeti ndilo lililoyatunza.

Mama alisema neno moja tu: "Gari hilo ndilo ada ya mdogo wako." Nikanywea.

Fundi wa gereji bubu akachomelea kiraka. Kupaka nikasema nitapaka mwenyewe, hela zenyewe za kuungaunga. Lakini nipake nini kitakachodumu?

Rangi ya mafuta niliikataa mapema. Ukiburuta kreti mara mbili tatu, inabanduka. Rangi ya lami ni ya bei nafuu, ila kazi yake ni chini ya gari. Ndani ya boksi lililofungwa juani inalainika, inanuka na kunasa kila kitu. Muuza duka mmoja wa Kariakoo akanionyesha poliyurethani yenye chembe za mpira, ya kupuliza. Ngumu, haitelezi, wenye pikapu wanaililia. "Mdogo wako apulize tu, bosi wangu, ajifunge kitambaa puani."

Jamani, mdogo wangu ana pumu! Nikageuza kopo, nikasoma yale maandishi madogo: ina isosayaneti. Kemikali hiyo inaweza kumwanzishia pumu hata mtu mzima wa afya, na mwili ukishaikataa, mvuke kidogo tu unatosha kukubana kifua. Kitambaa hakizuii mvuke. Wapulizaji wanaojua kazi huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Mimi na gereji yangu ya chini ya mwembe, wapi na wapi!

Nikachukua epoksi ya makopo mawili, ya kupaka kwa brashi. Inashika bati sawasawa, na maji ya chumvi haiyaogopi. Adui yake ni jua, likiipiga muda mrefu inapauka na kutoa unga. Ndani ya boksi jua linatafuta nini? Hata hivyo si ya kuchezea, maana huleta mzio wa ngozi. Nikavaa glovu na miwani, milango wazi, mdogo wangu nikamtuma kwa shangazi.

Siku nzima iliishia kwenye brashi ya waya na msasa namba 80, kisha sabuni na maji mengi ya kutoa chumvi na mafuta ya samaki. Pakakauka kabisa ndipo nikakoroga. Kwa pupa yangu nikachanganya yote! Kabla sijamaliza kona ya pili, kopo likapata moto na kuganda, brashi imo ndani. Nikarudi dukani na aibu yangu. Safari hii nilikoroga kidogo kidogo, nikapaka mikono miwili, nikasubiri kama kopo lilivyoagiza.

Sasa nimetandika mpira usiogundishwa, na kila Jumapili naufunua nichungulie. Kapeti jekundu nimelitupa. Lilikuwa zuri, lakini lilijua siri yote na halikuniambia.