Skrini Si Yako, Umeazima Tu

Kila nikipost video ya gemu yangu ya matatu, lazima kuna mtu ataandika: "Buda, mbona hakuna mahali pa kuchagua rezolusheni? Hii ni gemu gani?" Leo nitajibu mara moja, ili nikiulizwa tena nikutumie hapa. Jibu fupi ni kwamba niliitoa makusudi. Jibu refu lilinigharimu shilingi 2,000 na usiku mmoja ambao sitausahau.

Kwa wale wageni hapa, mimi nilitoka chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, na sitaki pole ya mtu. Nikaenda kukaa kwa mjomba wangu Rongai, ambaye ana saiba yenye mashine nane. Zote zinatumia Linux, kwa sababu ni kompyuta kuukuu na mjomba hakuona haja ya kulipia leseni mara nane. Kazi yangu ilikuwa kuprinti, kuskani, na kusaidia watu waliosahau neno la siri. Jioni watoto wa mtaa walikuwa wanakuja kucheza gemu, bob moja kwa dakika.

Sasa, gemu yangu nilikuwa nimeitengeneza chuoni kwa laptopu ya Windows ya rafiki. Nilitumia SDL. Hiyo ni maktaba ya programu inayokufungulia dirisha, inakuchorea picha na kukusomea kibodi, bila wewe kujali uko kwa Windows ama Linux. Sam Lantinga aliianzisha mwaka wa 1998. Miaka hiyo kulikuwa na kampuni inaitwa Loki Software ambayo kazi yake ilikuwa kuchukua gemu za Windows na kuzihamishia Linux. Loki ilifunga mwaka wa 2002, lakini SDL ikabaki, na mpaka leo sisi tunaoanza tunakula matunda yake.

Kwa hivyo nilidhani kuihamisha itakuwa kazi ya wikendi moja. Na kweli, Jumamosi saa nne asubuhi gemu ilikuwa imefunguka kwa mashine ya mjomba, ndani ya dirisha dogo. Nikasema poa, sasa tuijaze skrini nzima.

Hapo ndipo nilikosea. Nilichora gemu kwa 640 kwa 480, kwa hivyo nikaiambia SDL ibadilishe skrini yenyewe iwe 640 kwa 480. Sikuwa mjinga. Kuna sababu gemu za zamani zilifanya hivyo. Skrini ya 640 kwa 480 ina pikseli 307,200. Skrini ya 1366 kwa 768, kama zile za mjomba, ina zaidi ya milioni moja. Wakati prosesa ndiyo ilikuwa inachora kila kitu, kujaza pikseli mara tatu zaidi ilikuwa ni kifo. Halafu zile televisheni nzito za kioo kilichofura zilionyesha rezolusheni yoyote vizuri. Skrini bapa za leo zina idadi moja ya pikseli zilizojengwa ndani. Ukiipa nyingine, inavuta picha na ukungu unaingia.

Lakini ilifanya kazi, watoto wakafurahia, mimi nikajiona Lantinga wa Rongai.

Halafu ikafika tarehe 30 Juni.

Kama uko Kenya unajua hiyo siku. Ndiyo mwisho wa kufaili ritani za KRA, na ukichelewa faini ya mtu binafsi inaanzia 2,000. Saiba ilijaa tangu asubuhi. Karibu saa mbili na robo usiku, kijana mmoja alikuwa amejipenyeza mashine ya nne anacheza gemu yangu. Ikafika mahali inatafuta faili ya sauti ya honi. Mimi niliandika jina la faili kwa herufi kubwa, faili yenyewe ilikuwa kwa herufi ndogo. Windows hajali hiyo. Linux anajali sana. Gemu ikafa papo hapo, kijana akatoroka, na mama aliyekuwa kwa foleni akaketi.

"Kijana wangu," akaniita, "haya maandishi yamekuwa makubwa hivi kwa nini? Unadhani mimi ni kipofu?"

Nikaenda kuangalia. Gemu ilikuwa imekufa, lakini skrini ilibaki 640 kwa 480. Aikoni kubwa kama sahani, ukurasa wa KRA umekatika, vitufe vya chini havionekani. Nikafungua mipangilio ya skrini nirudishe. Dirisha la mipangilio lenyewe lilikuwa refu kuliko skrini! Kitufe cha kukubali mabadiliko kilikuwa huko chini, nje ya kioo, mahali pasipofikika. Yaani dawa imefungiwa ndani ya ugonjwa.

Nilihangaika karibu nusu saa. Mashine zingine zote zilikuwa na watu. Mwisho nikazima na kuwasha, skrini ikarudi sawa, lakini ile mashine inawaka polepole kama mzee anayeamka. Mama akaanza upya, kumbe pia neno la siri alikuwa amesahau. Saa tatu mjomba akafunga, maana matatu ya mwisho ya mama ilikuwa inaondoka. Simu yake ilikuwa kabambe, haingemsaidia njiani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa, nitajua la kufanya," akabeba mkoba wake. Ile sauti ya mtu aliyezoea kuangushwa ndiyo iliniuma.

Usiku huo sikulala. Nikaanza kusoma, na nikajua mambo mawili ambayo nilipaswa kuyajua kabla.

La kwanza: kwenye Windows, gemu ikibadilisha skrini kwa njia ya muda halafu ife, mfumo unarudisha skrini jinsi ilivyokuwa. Kwenye X, ule mfumo wa skrini wa miaka mingi wa Linux, hakuna anayekumbuka. Umebadilisha, umekufa, imebaki hivyo. Anayepaswa kurudisha ni programu yako, na maiti hairudishi kitu. Mstari mmoja tu, xrandr -s 0, ungeokoa ritani za yule mama. Sikuujua.

La pili ndilo kubwa zaidi: sikuhitaji kubadilisha skrini hata kidogo. SDL2 ina fulskrini aina mbili. Moja inabadilisha mod ya skrini. Nyingine, SDL_WINDOW_FULLSCREEN_DESKTOP, inafungua tu dirisha lisilo na fremu, ukubwa sawa na skrini ilivyo. Halafu wewe unaiambia SDL kwamba ulimwengu wako ni wa ukubwa fulani, nayo inakuza picha na kuweka pau nyeusi pembeni. Siku hizi kadi ya picha ndiyo inafanya kazi hiyo, na hata mashine za mjomba haziisikii. Gemu ikifa, ni dirisha limefungwa. Basi.

Nikabadilisha. Lakini bado kulikuwa na kazi. Kukuza 480 iwe 768 ni mara 1.6, na picha za pikseli hazipendi desimali. Pikseli moja inakuwa nene, jirani yake nyembamba, matatu yangu ikaonekana kama imegongwa. Ikabidi nichore upya kila kitu kwa 640 kwa 360. Hiyo ukizidisha mara mbili ni 1280 kwa 720. Kwa skrini ya 1366 kwa 768 unabaki na pau ya pikseli 43 kila upande, na 24 juu na chini. Mashine ya saba ina skrini ya zamani ya 1280 kwa 1024, hapo upana unaingia kamili na pau za juu na chini ni 152. Kwa skrini ya 1920 kwa 1080 ni mara tatu kamili, hakuna pau.

Halafu panya ikaanza wazimu. Unabonyeza "Anza", inabonyezwa "Toka". Kumbe SDL2 inatafsiri nafasi ya panya kwa matukio inayokuletea, lakini ukienda kuuliza mwenyewe kwa SDL_GetMouseState, inakupa pikseli za dirisha halisi. Mimi nilikuwa nauliza mwenyewe. Siku mbili zikaenda hapo.

Wengine mtasema hizo ni shida za X, na Linux za sasa zinahamia Wayland. Ni kweli, lakini angalia Wayland ilifanya nini: programu ya kawaida hairuhusiwi kabisa kubadilisha mod ya skrini. Unaomba skrini nzima, na mwenye nyumba anaamua atakuonyesha vipi. Waliotengeneza mfumo walifikia jambo lile lile nililofundishwa na yule mama kwa mashine ya nne.

Na hapa ndipo nina maoni, maana si mnajua mimi sikosi maoni. Sisi watengenezaji vijana tunaongea kana kwamba mchezaji ana mashine yake, chumba chake, na saa zote za dunia. Kenya wengi wetu tumejifunza kompyuta kwa mashine ya mtu mwingine. Ya saiba, ya shule, ya binamu. Baada yako kuna mtu kwenye foleni, na labda kilichomleta si mchezo. Kwa hivyo fulskrini si kutwaa skrini, ni kuiazima. Na kitu cha kuazima unakirudisha kama ulivyokipata, hata ukifa ghafla.

Yule mama alirudi baada ya siku nne. Nilimfailia ritani bure, na ile 2,000 nikailipa kutoka kwa mshahara wangu. Mjomba alisema hiyo ndiyo karo ya muhula. Nilicheka, lakini hakuwa anatania.

Kwa hivyo ukitaka kunionyesha gemu yako kwa Linux, usinitumie video ikicheza vizuri. Ifungue skrini nzima, nenda kwa terminali nyingine, iue kwa kill -9, halafu unitumie picha ya skrini iliyobaki. Hiyo ndiyo nitaangalia.