Mchango Wenu Haukupotea

Nimeombwa nieleze kwa nini mimi, niliyesomeshwa Uingereza mpaka nikapata shahada ya udaktari wa sayansi, nafanya kazi katika mtambo wa maji hapa Oman na si katika chuo kikuu. Swali hili nimeulizwa harusini na nimeulizwa hitimani, na wanaouliza wana haki. Mwaka 2005 ukoo mzima ulichanga ili ada yangu ya mwaka wa kwanza itimie. Aliyechanga hupewa hesabu.

Nilichokisoma ni vijimea vya baharini, vidogo hata havionekani ila kwa hadubini. Kwa miaka minne nilivifuga chupani na kuangalia vinavyoziba machujio. Mwishoni mwa 2008, nikiwa naandika tasnifu, bahari ya Oman na ya Ghuba iligeuka nyekundu kwa wingi wa vijimea. Samaki walikufa, na baadhi ya mitambo inayotoa chumvi katika maji ya bahari ikabidi isimamishwe. Balaa hilo liliendelea hadi 2009.

Ami yangu akapiga simu kutoka Muscat. "Si ndivyo vidudu vyako hivyo? Basi tuambie tuvifanyeje." Nikamweleza aina zake na namna vinavyozaana. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nataka maji."

Baada ya shahada nilipata kazi ya utafiti, lakini kwa mkataba wa miaka miwili, kisha mwengine wa miwili. Nafasi za kudumu vyuoni ni chache na wanaozigombea ni wengi, kila mmoja na shahada yake. Mama akiuliza, "Uprofesa lini?", mimi nahesabu miezi ya mkataba iliyobaki. Mwaka 2013 niliomba kazi mtamboni. Hawakuniuliza nimechapisha makala ngapi. Waliuliza: maji machafu yakiingia saa nane za usiku, utafanya nini?

Nawaelezeni kazi yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari hii ina zaidi ya gramu 35 za chumvi. Pampu huyasukuma kwa nguvu inayokaribia mara 60 ya mgandamizo wa hewa, yapenye kwenye tando zinazopitisha maji na kuzuia chumvi. Vijimea vikipasuka hutoa ute, na ute huo huziba tando. Dawa yake moja ni kupuliza mapovu madogo madogo kabla ya kuchuja. Vijimea huelea juu vikaondolewa, kama mpishi anavyoengua povu la supu. Kujua vinapasuka wakati gani na kwa sababu gani ndiyo iliyokuwa tasnifu yangu. Sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Oman hutoka baharini kwa njia kama hizi, kwa hiyo ile miaka ya chupani inatumika kila siku.

Sikatai kwamba kuna vitu nimeviacha. Mtafiti huweza kufuata swali moja mwaka mzima kwa kuwa linampendeza. Mimi hutakiwa jibu kabla matangi hayajakauka. Jina langu halichapishwi tena, na wanafunzi sina. Nyakati nyengine navikumbuka.

Kwa vijana wetu walio masomoni, nina mawili. Kabla hujamaliza, tafuta ruhusa ukae hata mwezi mmoja kiwandani, hospitali au bandarini, uone elimu yako inafanya kazi gani huko. Na unapoomba kazi, usitaje kichwa cha tasnifu peke yake. Andika unaweza kufanya nini: kupima, kutengeneza chombo kilichoharibika, kukisia gharama, kueleza jambo gumu kwa mtu asiyelisomea.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mtoto akiacha utafiti, msiseme mbele za watu kwamba ameshindwa. Muulizeni kwanza anafanya nini na nani anafaidika. Huenda maji mnayoyanywa yamepita mkononi mwake.

Hiyo ndiyo hesabu yangu. Atakayefika Muscat na anipigie simu, nitamtembeza mtamboni, avione kwa hadubini hivyo vidudu mlivyonilipia.